Kwa nini namba ya kwanza ya msiba huwa sio yenyewe

Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022 mi nilikuwa bado kitandani, simu ikatetemeka mpaka ikadondoka chini, nikajua tu hapa kuna mtu kafa au kuna mtu kajifungua. Kumbe grupu la ukoo. Picha ya kwanza ndege imezama ziwani, mkia ndo unaonekana juu ya maji, mitumbwi imeizunguka. Picha ya pili ni ileile. Ya tatu ileile tena ila kuna mtu kaizungushia duara jekundu, sijui alidhani hatutaiona. Halafu mama mdogo, ambaye anakaa Dodoma na Bukoba hajawahi kufika hata kwa kupotea njia, akaandika "Abiria wote wametoka salama, Mungu mkubwa." Dakika chache mbele binamu yangu akaleta voisi noti ya mwanaume anaongea huku anahema, anasema hakuna aliyepona hata mmoja. Yani ndani ya robo saa ukoo mmoja ulikuwa na ndege mbili, moja imepona yote na nyingine imekufa yote, na kila upande una uhakika asilimia mia.

Ukweli wenyewe ulikuja kukaa baadaye. Ndege ya Precision Air, ATR 42, ilitoka Dar ikiwa na watu 43, hali ya hewa Bukoba ilikuwa mbaya, saa tatu kasoro asubuhi ikaangukia Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja. Wakafa 19, wakiwemo marubani wote wawili, wakatoka hai 24. Ila katikati hapo tulitangaziwa kwanza kwamba waliookolewa ni 26, halafu ikashuka ikawa 24, na hapo ndo mtandaoni moto ukawaka, wanaficha, wanatudanganya, hao wawili wamepelekwa wapi.

Sasa nataka tukae hapa kwenye hiyo 26 na 24, maana watu wengi tunaichukulia namba ya kwanza kama ahadi, ikibadilika tunaona tumetapeliwa. Fikiria inavyopatikana lakini. Ufukweni kuna mtu anahesabu waliotolewa majini. Hospitali kuna nesi anahesabu walioingia wodini, na humo wodini anaweza kuwepo mtu aliyeumia akiwa anaokoa wenzake, huyo kwenye ndege hakuwepo kabisa ila kalazwa na yuko hai. Polisi nao wana hesabu yao, kampuni ya ndege ina karatasi yake. Mkuu wa mkoa anapigiwa simu na hawa wote, huku mikrofoni kumi ziko mdomoni kwake na zote zinauliza swali moja, wangapi? Anataja aliyoambiwa mara ya mwisho. Hajadanganya, kataja namba ambayo bado inapikwa.

Na Bukoba tulikuwa na bahati moja ambayo haikusemwa sana. Ndege ina orodha ya abiria. Jumla, 43, iliandikwa kwenye karatasi toka ndege haijaruka, kwa hiyo hata watu wakibishana namna gani, ubishi una ukuta, hauwezi kuvuka 43. Ndo maana jioni ileile mambo yalikuwa yashatulia.

Linganisha na MV Nyerere. Alhamisi tarehe 20 Septemba 2018 kivuko kinatoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara, siku ya gulio, watu na mahindi na magunia ya saruji, kinapinduka kikiwa kinakaribia kabisa kutia nanga. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokuwemo wangapi? Hakuna aliyejua, kwa sababu mkata tiketi mwenyewe naye alizama na mashine yake ikapotea humohumo. Kwa hiyo namba haikuwa na ukuta. Tukaanza na makumi, ikapita mia, mpaka mwisho ikavuka 220. Na kila ilipopanda mtu alisema si niliwaambia wanaficha, kumbe hakuna anayejua cha kuficha, walikuwa wanahesabu miili kadri inavyotoka majini na kutafuta kukasimama usiku kucha mpaka asubuhi. Jumamosi akatolewa fundi wa kivuko akiwa hai, alijifungia kwenye chumba chenye hewa siku mbili nzima, na hapo tena ndo uvumi ukapata nguvu mpya maana kila mwenye ndugu aliyepotea akasema basi na wangu yumo humo. Nani atawalaumu?

Kuna wanasaikolojia wawili wa Marekani, Gordon Allport na Leo Postman, mwaka 1947 walisema kitu ambacho ukikishika utaona misiba yote kwa jicho jingine. Uvumi unakua kwa ukubwa wa jambo mara ukungu uliolizunguka. Zingatia hapo, mara, sio jumlisha. Maana yake kimoja kikiwa sifuri jibu ni sifuri. Jambo likiwa kubwa ila kila kitu kiko wazi, hakuna cha kuvumisha. Likiwa na ukungu ila halimhusu mtu, nani ana muda. Balaa ni pale jambo linapomgusa kila mtu na hakuna anayesema kinachoendelea, hapo hesabu inalipuka. Ukubwa wa jambo huwezi kuupunguza, ndege imeshaanguka, kivuko kimeshazama. Kitu pekee kinachoweza kupunguzwa ni ule ukungu, na wenye uwezo wa kuupunguza ni wachache sana, nao kwetu huku mara nyingi wanadhani kukaa kimya ndo kuutuliza umma.

Machi 2021 ndo darasa lenyewe. Rais Magufuli alionekana hadharani mwisho mwa Februari, halafu akapotea kwenye macho ya watu. Rais ambaye kila wiki unamkuta barabarani kasimamisha msafara anaongea na wananchi! Siku zikaenda. Tarehe 10 Machi gazeti kubwa la Kenya likaandika kwamba kuna kiongozi wa Afrika anatibiwa Nairobi, jina halikutajwa ila kila aliyesoma alimaliza sentensi mwenyewe. Magazeti ya hapa ndani siku hizohizo ukiyafungua utadhani uko nchi nyingine, ziara za mawaziri, matokeo ya ligi, mbolea. Wasioridhika wakaenda kutafuta habari za Tanzania nje ya Tanzania, wengine kwa VPN kabisa maana Twitter ilikuwa inasumbua toka uchaguzi wa 2020. Tarehe 12 Machi, Ijumaa, Waziri Mkuu akiwa Njombe akasema kaongea na Rais kwa simu na kwamba yupo anachapa kazi. Polisi wakakamata watu kwa kusambaza uvumi kuwa anaumwa, Waziri wa Katiba na Sheria akawakumbusha watu vifungu, kikiwemo cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambacho adhabu yake inaanzia faini ya milioni 5 au jela miaka 3 au vyote kwa pamoja. Usiku wa tarehe 17 Makamu wa Rais akatokea TBC akatangaza msiba.

Na katika tangazo lilelile ndo tukasikia kumbe tarehe 6 Machi alilazwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akaruhusiwa tarehe 7, akazidiwa tarehe 14 akapelekwa hospitali ya Mzena. Sasa jiulize, kama ile tarehe 7 ingetoka karatasi ya mistari mitatu tu, Rais alilazwa, kapata nafuu, katoka, tungekuwa na wiki ile tuliyokuwa nayo? Uvumi ungekuwepo ndio, watu ni watu, ila usingekuwa na ukubwa ule. Neno wanalopenda wakubwa ni taharuki, usizue taharuki. Wiki ile taharuki ilizuliwa na kimya, hao waliokamatwa walikuwa wanajaza shimo ambalo hawakulichimba wao.

Madhara ya kimya hicho hayakwisha na tangazo pia. Ukishazoea kwamba habari ya kweli inapita uchochoroni, hata ile inayopita mlango wa mbele unaiangalia mara mbili. Watu mpaka leo wana tarehe zao za kichwani za kifo kile na huwatoi.

Halafu siku nne baadaye, tarehe 21 Machi, watu walienda kumuaga pale Uwanja wa Uhuru, Dar, kukatokea msongamano wakakanyagana. Siku ile tulichosikia ni familia moja iliyopoteza watu, yule mama na watoto, habari ikauma ikaishia hapo. Idadi kamili ya polisi ilikuja kutoka mwishoni mwa mwezi, baada ya siku 9, watu 45. Arobaini na watano! Msiba mkubwa ulifunikwa na msiba mkubwa zaidi, na mi hata sasa nikiwauliza watu kuhusu namba hiyo wengi wananiangalia kama nimeitunga.

Ila tusidanganyane kwamba dawa ni kuongea tu. Unaweza ukaongea na ukaongeza ukungu, waulize Wakenya. Westgate, Nairobi, tarehe 21 Septemba 2013, Jumamosi mchana, watu wako kwenye shopingi na watoto wao, Al-Shabaab wakaingia na bunduki. Ilichukua siku nne mpaka kutangazwa imeisha, raia na askari 67 wakauawa. Serikali iliongea, tena iliongea sana, ila kila mdomo ulikuwa na habari yake. Magaidi tukaambiwa ni 10 mpaka 15, baadaye ikaja kuonekana ni wanne. Waziri wa Mambo ya Nje akaiambia televisheni ya Marekani kwamba kuna Wamarekani wawili watatu na mwanamke Muingereza, mwenzake wa Mambo ya Ndani anasema wote wanaume. Moshi mweusi ukapanda mpaka mji mzima unauona, huyohuyo wa Mambo ya Ndani, ole Lenku, akasema ni magodoro yanachomwa ndani. Magodoro! Mkenya yeyote ukimtajia hilo neno leo atacheka kicheko kile cha uchungu, maana nyuma ya yale magodoro jengo liliporomoka upande mmoja. Na wakati wizara zinapingana, magaidi wenyewe walikuwa Twitter wanaposti kama chombo cha habari, akaunti inafungwa wanafungua nyingine, na kwa aibu kubwa kuna waandishi wa dunia walikuwa wanawanukuu wao kwa sababu walikuwa wanajibu haraka kuliko serikali.

Kisha zikavuja video za kamera za ulinzi, wanajeshi wanatoka supamaketi na mifuko. Mkuu wa majeshi kwanza akasema walichukua maji ya kunywa tu. Baadaye wanajeshi wawili wakafukuzwa na kufungwa kwa wizi. Waandishi wa televisheni ya KTN walioichimba habari hiyo wakatishiwa kukamatwa na mkuu wa polisi. Ukiuliza kwa nini Wakenya wengi hawaamini taarifa rasmi ya saa ya kwanza, jibu limo humo kwenye hiyo mifuko.

Huko nyuma kidogo, mwishoni mwa mwaka 2007, serikali ya Kenya ilijaribu njia nyingine, kuzima kabisa. Matokeo ya uchaguzi yametangazwa tarehe 30 Desemba 2007, vurugu zimeanza, Waziri wa Usalama wa Ndani, Michuki, akapiga marufuku matangazo ya laivu. Watu wakahamia kwenye meseji za simu, na meseji haina mhariri. Zilipita za kuonyana njia ipi usipite na zilipita za chuki, zote kwa shilingi chache. Katika giza hilohilo ndo vijana wachache wa Kenya wakatengeneza Ushahidi, programu ya kukusanya meseji na kuweka kwenye ramani wapi kumetokea nini. Jina la Kiswahili, leo linatumika kwenye majanga mpaka huko duniani, nasi tuliolizaa hatulisemi sana.

Nimesema sana wakubwa, sasa tuje kwetu. Kuna imani kwamba wananchi kwenye janga wanachanganyikiwa, wanakimbia ovyo, kila mtu na roho yake, ndo maana eti wasiambiwe mambo. Mwanasosholojia Enrico Quarantelli alitumia maisha yake kuchunguza majanga na alichokuta ni kinyume, ile hofu ya kukanyagana kama kwenye muvi hutokea mara chache, watu wengi wanaanza kusaidiana kabla ya king'ora cha kwanza kusikika. Bukoba si tumeona kwa macho? Waliofika wa kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Ripoti ya awali ya uchunguzi ilisema hivohivo, tena ikasema boti ya uokoaji ilifika mchana na mitungi ya hewa ya wazamiaji haikuwa na presha ya kutosha. Watu wakavuta ndege kwa kamba. Kwa kamba, jamani, mamia ya watu wanavuta ndege kama wanavuta nyavu. Westgate pia, kabla ya jeshi kuingia kulikuwa na raia wenye silaha zao na polisi waliokuwa off wakaingia kutoa watu, jamii ya Wahindi wakafungua ukumbi wa Oshwal ukawa kituo cha familia na majeruhi, foleni za kuchangia damu zikawa ndefu kuliko za benki mwisho wa mwezi.

Sema sasa vyombo vya habari haviwezi kuonesha watu mia tano wanavuta kamba, havina uso wa kuweka kwenye thambneili. Vinahitaji mtu mmoja. Bukoba akapatikana kijana mvuvi aliyepiga mlango kwa kasia, na hakika alijitosa, alikaribia kufa mwenyewe kamba ilipokatika ikampiga akiwa anajaribu kuwafikia marubani. Kesho yake pale uwanja wa Kaitaba akapewa milioni moja na ikatangazwa ataajiriwa Zimamoto. Wiki ya kwanza onlaini tivii zote zipo kwao, mama yake anahojiwa, chumba chake kinapigwa picha. Wiki ya pili ubishi, mlango nani kaufungua, yeye kutoka nje au mhudumu wa ndege kutoka ndani? Watu walewale waliomlilia wakaanza kumchambua kama mchezaji aliyekosa penati. Mi naona yule kijana alitendewa vibaya mara mbili, kwanza kwa kubebeshwa ushujaa wa ziwa zima, pili kwa kunyang'anywa. Na wenzake waliokuwa kwenye mitumbwi mingine je, majina yao nani anayajua? Na lile swali kwamba kwa nini tulihitaji mvuvi, mbona boti haikuwepo, lilipita kimyakimya katikati ya kelele za mlango.

Kinyume cha shujaa ni mkosaji. Tarehe 10 Agosti 2019 Msamvu, Morogoro, lori la mafuta limepinduka, watu wakaenda kuchota, likalipuka, wakafa zaidi ya 100. Hapo mtandao ulihitaji dakika kumi tu kutoa hukumu, tamaa. Humo kulikuwa na bodaboda, wauza maji, wapita njia, waliosimama kurekodi, na hata wangekuwa wote wachotaji, anayejitia kwenye petroli kwa ajili ya dumu la lita tano anakueleza kitu kuhusu mfuko wake. Tofauti ya Mtanzania wa Bukoba na wa Msamvu sijawahi kuiona. Ni haohao, siku moja kilichoanguka mbele yao kilihitaji kasia, siku nyingine kilikuwa kinavuja petroli.

Na picha zile za miili ya Msamvu! Zilizunguka grupu kwa grupu, kuna waliomtambua ndugu yao kwenye stetasi ya mtu. Huwa tunajitetea eti natoa taarifa, au lile neno la kujiosha, nimetuma kama nilivyopokea. Ila Januari 2019 magaidi walipovamia hoteli ya DusitD2 pale Nairobi, watu 21 wakauawa, New York Times ikaweka picha ya waliouawa wameinamia meza za mgahawa, Wakenya waliwaka Twitter usiku kucha, wakauliza mngeweka hivi maiti za New York? Baraza la Habari la Kenya likaandika kulalamika. Swali zuri sana. Tabu yake ni kwamba siku hiyohiyo picha mbaya kuliko hiyo zilikuwa zinapita wasap na tulikuwa tunazituma sisi. Hata hivyo Dusit kulikuwa na kitu kimebadilika toka Westgate, watu wenyewe kwa wenyewe walikuwa wanakemeana, futa hiyo, usiposti askari wako wapi, wanaosoma ni haohao magaidi waliomo ndani. Hiyo haikuletwa na kifungu cha 16 cha mtu, ililetwa na miaka mitano ya kukumbuka.

Mi binafsi kanuni yangu imekuwa ya kivivu tu. Saa sita za kwanza sitaji namba kwa mtu. Nikiulizwa nasema wapo waliokufa na wapo waliopona, inatosha kumuombea mtu. Voisi noti ya anayehema naisikiliza mara moja najiuliza huyu kasimama wapi, anaona nini kwa macho yake, mara nyingi utakuta hasemi hata mji. Binamu nilimuuliza ile ya Bukoba kaitoa wapi, akasema kwa jamaa wa kazini, jamaa wa kazini kaitoa grupu la shule, na grupu la shule hakuna anayekumbuka.

Ile meseji ya mama mdogo bado ipo kwenye grupu letu, juzi nilipanda juu kuitafuta. Abiria wote wametoka salama, Mungu mkubwa. Hakuna aliyeisahihisha wala aliyeifuta. Chini yake kuna mikono kumi na moja ya kushukuru, mmoja wapo wangu.